Mvuvi wa Asikkala na Chambo cha Mti

Uvuvi ni kazi ya kale. Watu walijua kumvua samaki kwa ndoana maelfu ya miaka kabla hawajajua kupanda mbegu wala kufuga ng'ombe. Walakini kazi hii ina shida moja isiyopatikana katika kazi nyingine nyingi. Mkulima huliona shamba lake, na mchungaji huwaona wanyama wake. Lakini mvuvi hukitafuta kitu asichokiona, tena mahali asipoweza kuishi. Akikosa, hana wa kumwuliza sababu. Kwa hiyo hana budi kujifunza tabia za samaki kwa kukisia, kwa kungoja, na kwa kukosa mara nyingi. Insha hii yahusu mtu maskini wa Ufini, nchi iliyo kaskazini ya Ulaya kati ya Uswidi na Urusi, aliyejifunza kwa njia hiyo, na kitu kidogo alichokichonga kwa kisu mwaka wa 1936.

Kwanza yafaa tueleze chambo cha mti ni nini. Mvuvi wa kawaida hutia katika ndoana yake kitu kiliwacho: nyungunyungu, dagaa, kamba, au kipande cha nyama. Chambo cha mti hakiliwi. Ni kipande cha mti kilichochongwa mfano wa samaki mdogo, kikapakwa rangi, kikatiwa ndoana, kikafungwa katika mshipi na kukokotwa majini. Samaki mkubwa alaye samaki wenzake hukidhania kuwa ni windo, hukirukia, na mara hujiona amenaswa. Faida yake ni kwamba hakiozi, hakifi, hakichomoki katika ndoana, na chaweza kutumiwa tena na tena.

Si haki kusema kuwa mtu mmoja ndiye aliyekivumbua. Wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini walikuwa wakichonga samaki wa mti na kuwatumbukiza katika matundu waliyoyatoboa juu ya barafu. Samaki wakubwa walipokuja kutazama, walichomwa kwa mkuki. Baadaye, katika mji wa Dowagiac, jimbo la Michigan nchini Marekani, palikuwa na mfuga nyuki jina lake James Heddon, aliyezaliwa mwaka wa 1845. Yasimuliwa kwamba siku moja alikuwa ameketi kando ya bwawa akimngoja rafiki, huku akichonga kijiti kwa kujipitishia wakati. Alipokitupa kijiti kile majini, samaki mmoja alikirukia. Kama kisa hicho ni kweli tupu au kimepambwa na wasimulizi, neno moja ni hakika: Heddon alichonga vyura vya mti kwa ajili ya kuvulia, na mwanzoni mwa karne ya 20 yeye na wanawe walikuwa na kiwanda cha vyambo vya mti. Heddon alipata fundisho lake katika starehe. Mtu wetu wa Ufini alilipata lake katika dhiki.

Mtu huyo ni Lauri Rapala, aliyezaliwa mwezi wa Novemba mwaka wa 1905 katika wilaya ya Sysmä. Jina lake la kuzaliwa halikuwa Rapala, bali Saarinen. Yasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto, mama yake, Mari, alihama naye kwenda Asikkala. Kasisi wa huko alipotaka kuwaandika katika daftari la kanisa hakulikumbuka jina la ukoo wao, akaandika Rapala, jina la kijiji walikotoka. Basi jina ambalo baadaye lilijulikana kwa wavuvi wa mabara yote lilitokana na usahaulifu wa kasisi, na unyonge wa mama asiye na cheo cha kumfanya akumbukwe.

Mwaka wa 1928 Lauri alimwoa Elma Leppänen. Nchi yao ilikuwa changa, kwani ilijitangazia uhuru mwaka wa 1917, na muda si muda dhiki ya uchumi iliyoenea duniani katika miaka ya 1930 iliwafikia hata watu wa vijijini. Watoto walizaliwa, na kila mtoto alikuja na kinywa chake. Lauri hakuwa na mali wala elimu ya kumpatia kazi ya kuandika. Alikata miti msituni, akafanya kibarua katika mashamba ya watu, na maji yalipokuwa wazi alivua katika Ziwa Päijänne. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita 120 hivi, nalo ni la pili kwa ukubwa katika Ufini. Wakati wa baridi uso wake huganda ukawa barafu ngumu, hata watu wakaweza kupita juu yake kwa miguu. Yeye avuaye kwa mashua huko hana mwaka mzima wa kazi kama mvuvi wa Mombasa au wa Kisumu; siku zake ni za kuhesabu, na siku ipoteayo hairudi.

Katika siku hizo chache palikuwa na taabu nyingine. Lauri alivua kwa nyavu, na kwa mishipi mirefu yenye ndoana nyingi. Ndoana mia zataka visamaki mia. Sharti kwanza mvuvi avivue hivyo vidogo, avitunze visife, avitunge kimoja kimoja, apige makasia kwenda kutega, kisha arudi baadaye kutazama. Akirudi hukuta baadhi yao vimekufa ndoanani, na vingine vimeliwa bila ya kunasa kitu. Saa zote azitumiazo kutafuta chambo ni saa asizozitumia kutafuta chakula cha watoto wake. Hili ndilo lililomfanya Lauri atamani chambo kisichotaka kuvuliwa, wala kutunzwa hai, wala kubadilishwa kila mara.

Wengi walipata kutamani hivyo. Tofauti yake yeye ni kwamba alitazama. Alipokuwa akipiga makasia polepole siku nzima, aliangalia mambo yaliyokuwa yakitendeka chini ya mashua yake. Kundi la visamaki lilipita, vyote vikifanana, vyote vikielekea upande mmoja kama watu waendao sokoni. Mara samaki mkubwa alitoka mafichoni akalishambulia kundi lile. Je, alimshika yule aliyekuwa karibu naye? La. Mara nyingi aliwaacha walio karibu akamwendea mmoja aliyekuwa akiogelea kombo, aliyejeruhiwa au mgonjwa, ayumbaye kidogo huku na huku, asiyeweza kwenda sawa na wenzake. Sababu yake si vigumu kuifahamu. Mwindaji hapotezi nguvu zake bure. Hata simba wa mbugani humtazama kwanza punda milia achechemeaye.

Kutokana na hayo Lauri alipata fahamu iliyogeuza kazi yake yote. Samaki havutwi na umbo peke yake. Huvutwa na mwendo. Mtu achongaye samaki mzuri, mnyofu, aendaye sawa, amechonga samaki ambaye adui yake atamwacha apite. Yampasa achonge samaki mgonjwa. Kazi ya kisu si kuiga magamba na mapezi ili macho ya wanadamu yapendezwe, bali ni kuiga ule udhaifu mdogo wa mwendo ambao mwanadamu ni shida kuuona, lakini samaki mwenye njaa huuona mara moja.

Vifaa vyake vilikuwa vya maskini. Alikuwa na kisu cha mshona viatu, tupa na msasa. Mwili wa chambo aliuchonga kwa koki, yaani gome jepesi lifanyiwalo vizibo vya chupa. Ili king'ae kama samaki, alikifunika kwa karatasi nyembamba za madini zilizokuwa zimefungiwa jibini na chakleti. Hakuwa na vanishi ya kuzuia maji. Kwa hiyo aliyeyusha filamu za picha zilizokwisha tumika, akaipaka rojo yake juu ya chambo, nayo ilipokauka ikawa ngozi ngumu ing'aayo. Vitu hivyo vyote, isipokuwa kile kisu na wenzake, ni takataka ambazo watu wengine walizitupa. Alichonga, akajaribu, akasahihisha, akachonga tena, na mwaka wa 1936 alipata chambo kilichokwenda kama alivyotaka.

Pengine msomaji atauliza: mti usio na uhai wawezaje kuyumba kama samaki aliyejeruhiwa? Siri i katika mambo matatu. La kwanza ni wepesi. Kitu chepesi sana hutii kila msukumo wa maji, bali kizito huburutwa tu kama gogo. Kwa sababu hiyo, baada ya koki, ukoo wa Rapala ulichagua balsa, mti wa Amerika ya Kusini ulio miongoni mwa miti myepesi kabisa ya ulimwengu. La pili ni ulimi, yaani kibamba chembamba kichomozacho chini ya mdomo wa chambo. Mshipi uvutwapo, maji huugonga ulimi huo na kukiinamisha chambo kiende chini. Kisha maji huponyoka upande mmoja, chambo kikaegemea. Huponyoka upande wa pili, kikaegemea huko. Na hivyo hivyo upesi upesi, mpaka mwili wote watikisika. La tatu ni uzito mdogo wa tumbo. Ndoana zining'iniazo chini hukizuia chambo kisipinduke, kama vile shehena ya chini iuzuiavyo mtumbwi. Ulimi ukizidi, chambo huzunguka kama pia, ukipungua, hakitikisiki. Uzito ukizidi, huzama kikafa. Ukipungua, hulala ubavu. Uzuri wote wa kazi hii umo katika kiasi.

Mwanafunzi apendaye kujaribu kwa mikono yake aweza kuifuata njia hiyo hiyo. Na atafute kipande cha mti mwepesi, mkavu, usio na vifundo, chenye urefu wa sentimita 10 hivi na unene wa vidole viwili. Katika Ziwa Baringo wenyeji huunda vyombo vyao kwa mti uitwao ambachi, ambao ni mwepesi ajabu. Lakini hata ubao laini wa sanduku la bidhaa watosha kwa kujifunzia. Achore umbo la kisamaki juu ya karatasi, alikate, aliweke juu ya mti na kulifuatisha kwa kalamu ya risasi pande zote mbili, ili ubavu wa kushoto ulingane na wa kulia. Achonge kidogo kidogo, makali ya kisu yakielekea mbali na mkono ushikao mti, kisha alainishe kwa msasa. Apasue mfuo mwembamba tumboni toka kichwani hadi mkiani, alaze ndani yake waya mmoja mzima wenye vipete mbele, chini na nyuma. Kwa maana samaki mwenye nguvu aweza kuuvunja mti, lakini akiwa ameshikwa na waya hatapotea. Mwisho atie ulimi wa bati au wa plastiki ngumu katika mkato chini ya kidevu, agandishe vyote kwa gundi isiyoyeyuka majini, na kupaka vanishi mara kadha, kwani mti unyweao maji huwa mzito, ukapoteza wepesi wake.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea. Wakiisha kuchonga, hukimbilia kupaka rangi. Huchora macho, mashavu na magamba kwa uangalifu mkubwa, kisha wakitiapo kazi yao majini huona imelala ubavu kama samaki aliyekufa juzi. Rangi haiponyi mwendo mbaya. Yafaa chambo kijaribiwe kwanza kingali kitupu, katika pipa la maji au kijito kitulivu, kwa vipande vya madini vilingananavyo na ndoana kwa uzito, bila ya ndoana zenyewe, ili mtu asijichome. Kikienda upande wa kushoto, kipete cha mbele hupindwa kidogo sana upande wa kulia. Kikienda kulia, hupindwa kushoto. Chambo cha kwanza aghalabu hakifai, na cha pili hukaribia kufaa. Asiyetaka kuona kazi yake ikishindwa majini asianze kuchonga, kwa sababu maji ndiyo mwalimu, nayo hayana upendeleo.

Turudi Asikkala. Wasimulizi husema kwamba kuna siku ambazo Lauri alivua ratili 600 za samaki kwa chambo chake, yaani karibu kilo 270. Hesabu ya namna hiyo yafaa ipokewe kwa tahadhari, kwani wavuvi wa kila nchi wana desturi ya kumrefusha samaki kila asimuliwapo. Lakini habari za chambo chake zilienea kandokando ya ziwa, na watu walianza kukitaka. Ndipo vita vilipoingia. Mwaka wa 1939 Ufini ilishambuliwa na Urusi ya Kisovieti, na Lauri alikuwa miongoni mwa wanaume walioshika silaha. Alirudi hai kwa jamaa yake, jambo ambalo maelfu ya wenzake hawakulipata, akakishika kisu tena. Aliwafundisha wanawe ufundi ule, na mashine zikaanza kuusaidia mkono. Walakini desturi moja haikuachwa: kila chambo kilitiwa majini na kutazamwa mwendo wake kabla ya kuuzwa. Kisichoyumba inavyotakiwa kilirekebishwa.

Mwaka wa 1952 michezo ya Olimpiki ilifanyika Helsinki, mji mkuu wa Ufini, na wageni walipata kuviona vyambo hivyo na kuvichukua makwao. Mwaka wa 1959 Mmarekani mmoja wa jimbo la Minnesota, Ron Weber, alivutiwa na jinsi chambo hicho kilivyowashinda samaki. Yeye na mwenzake Ray Ostrom, aliyekuwa na duka la vifaa vya uvuvi, walimwandikia Lauri wakaanza kuagiza mali yake. Kisha, mwezi wa Agosti mwaka wa 1962, gazeti la Life la Marekani lilichapa makala juu ya chambo cha Rapala. Ikatokea kwamba toleo hilo ndilo lililobeba picha ya Marilyn Monroe, mwigizaji wa sinema aliyefariki mwezi huo huo, na kwa hiyo likasomwa na watu wengi mno. Maagizo yalimiminika kupita uwezo wa mafundi kuyatimiza.

Hapo msomaji aweza kuona jaribu kubwa la fundi yeyote. Mtu aliyekuwa akiuza kumi akitakiwa elfu, huanza kuona kuwa kukitazama kila kimoja majini ni upotevu wa wakati. Nani atajua? Mnunuzi yuko ng'ambo ya bahari. Lakini samaki angejua. Chambo kisichoyumba kingerudi mtoni mara ishirini bila ya kugusa kitu, na mnunuzi asingekinunua tena. Kiwanda kilikua, lakini kazi ya kukijaribu kila chambo majini iliendelea. Jina lililoandikwa kwa kosa la kasisi lilipata kuaminiwa kwa sababu hiyo, zaidi ya sababu ya picha yoyote ya gazeti.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuko mbali sana na habari hii. Sangara, ambaye wavuvi wa Ziwa Victoria upande wa Kenya humwita mbuta, ni mwenyeji wa Ziwa Turkana tangu kale, naye alitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950. Ni samaki mkubwa alaye samaki wenzake, na wageni wavuao kwa kujifurahisha katika maziwa hayo humvua kwa kukokota vyambo vya mti au vya plastiki vyenye ulimi, vizao vya wazo lile lile la Päijänne. Lakini wavuvi wengi wanaomtegemea sangara kwa riziki hutega nyavu, au mishipi mirefu yenye ndoana nyingi zilizotungwa visamaki hai. Alfajiri, kabla ya kwenda kumtafuta samaki, huenda kwanza kutafuta chambo. Taabu aliyokuwa nayo Lauri Rapala ndiyo taabu waliyo nayo. Sidai kwamba dawa yake ndiyo itakayowafaa, maana ziwa ni jingine na samaki ni mwingine. Nasema tu kwamba dawa yoyote itakayowafaa itapatikana kwa njia ile ile, naye ataipata mtu aliye karibu na maji.

Lauri Rapala alifariki mwaka wa 1974. Ukihesabu alivyokuwa navyo mwanzoni utaona kuwa karibu vyote vilikuwa vya watu wengine: kisu kilikuwa cha kazi ya viatu, koki ilikuwa ya chupa, karatasi zilikuwa za jibini, filamu zilikuwa za picha, na hata jina lilikuwa la kijiji. Kilichokuwa chake mwenyewe kabisa ni kule kutazama. Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye aliinama juu ya ubavu wa mashua yake mpaka akaona ni samaki yupi aliwaye, na kwa nini. Kijana atakayechonga chambo chake cha kwanza, akikiona kimelala ubavu majini, asikitupe kwa hasira. Na akishike tena mkononi, aulize ni upande gani uliozidi, kisha achukue kisu.